Usijenge Karibu Nami

Kisarawe, alasiri

Mwanangu Mwantumu,

Pokea salamu za mama yako ambaye jioni hii atakula nawe sahani moja, na bado ameona afadhali akuandikie. Umekwenda Marui kumuaga shangazi yako, na mumeo Rajabu amekusindikiza. Nyumba imenyamaza. Nimekaa barazani, naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni nikiwa mtoto, zile zile nilizokufunza wewe. Mumeo akiishika barua hii atazisoma kwa kuvuta, atachoka kabla hajageuza ukurasa, na hivyo ndivyo nitakavyo. Usiifungue mpaka ufike Ilala.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za jiko la mkaa lisiachwe ndani likiwaka, nimekwisha kukuambia mpaka masikio yamechoka. Mengine utaambiwa na jirani. Ninalotaka kukueleza ni neno langu la jana.

Jana Rajabu aliweka kikombe chini akasema, "Mama, tumezungumza mimi na Mwantumu. Kule mjini ni vyumba viwili tu, joto, kelele, na hali yake unaiona. Tumefikiri abaki hapa nawe. Mimi nitakuwa nikija kila mwisho wa juma. Na ukituridhia kile kiwanja cha pembeni, tutajenga. Hapa pana hewa nzuri, majirani ni watu wa heshima, na basi lipo."

Alisema kwa adabu, kama mtu anayeleta zawadi. Nami nikasema, "Hapana. Mchukue mkeo."

Nilikuona ulivyoinuka ukaenda chumbani, na leo asubuhi umenipa shikamoo bila kunitazama. Umedhani nakufukuza. Mwanangu, Rajabu alikuwa hajamaliza kusema, nami nilikuwa nimekwisha chagua chumba nitakachomlaza mjukuu wangu. Hakuna jambo nililolitaka zaidi ya lile nililolikataa.

Sasa nisikilize tangu mwanzo. Mengine unayajua vipande vipande, maana mtoto huokota maneno ya wakubwa kama kuku anavyookota mtama, lakini hukuwahi kuyasikia yote pamoja.

Kabla yako nilimzaa Sefu. Tulikaa mjini, mtaa wa Gerezani, mimi na baba yako, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji. Ua ulikuwa mmoja, choo kimoja, na wanawake tulipika tumepeana migongo. Ukiunguza wali, nyumba nzima ilijua. Ukigombana na mumeo, asubuhi watu walikusalimu kwa macho ya pole. Niliyachukia sana maisha yale. Baba yako hakuyachukia. Alikuwa karani bandarini, na adhuhuri alikuja kula nyumbani kwa miguu, akavua viatu, akakaa juu ya kigoda katikati ya watoto wa watu.

Sefu alishikwa na homa wakati wa masika, akiwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Nyuma ya nyumba palikuwa na mtaro usiokauka, na mbu wake tuliwafukuza kwa moshi mpaka macho yakawa mekundu. Wanawake wale niliowachukia walikaa nami, mmoja akimpepea, mwingine akimwekea kitambaa cha maji kichwani. Hakupona. Tulipotoka matanga nikamwambia baba yako, "Athumani, mimi hapa sizai tena."

Akasema, "Watoto wanakufa kila mahali, Zuhura."

"Basi na wafe mahali pengine. Hapa sizai."

Baada ya muda akapandishwa cheo. Nami nilikuwa na sehemu yangu ya minazi niliyorithi kwa babu yako, nikaiuza ndugu wakinilaumu. Tukaanza kutafuta pa kujenga. Siku zile, kabla ya vita ya pili, mtu mweusi mwenye shati safi na mshahara wa mwezi alikuwa anaanza kutazama nje ya mji. Wazungu walikuwa na upande wao wa baharini, Wahindi walikuwa na mitaa yao. Sisi tukisema, mbona nasi tusiwe na mahali pa kupumua?

Kwanza tulikwenda Kibaha. Mjomba wangu Kondo alikuwa na shamba kule Pangani ya Kibaha, si ile ya Tanga, akatuonyesha ardhi nzuri yenye mikorosho, akasema, "Kateni mnapopenda, mimi nitawapisha." Tulikaa kwake siku nzima. Watu waliingia bila hodi, wakakaa, wakala, wakatuuliza mpaka majina ya bibi zetu. Kina mama wakanivuta jikoni kumenya mihogo, na mimi nimevaa nguo ya kutokea. Njiani tukirudi, baba yako akasema, "Pale nimepapenda."

"Umependa nini? Nyumba zenyewe za makuti."

"Walinijua jina kabla sijakaa kitako."

Nilicheka. Nikamwambia mtu hapandi cheo ili arudi kumenya mihogo.

Jumapili iliyofuata tukaja huku Kisarawe. Naomba uikumbuke siku hiyo, ilikuwa Jumapili. Lori lenye mabenchi lilitupandisha mlimani, na tulipofika juu ule upepo ukaingia kifuani kama maji baridi. Karibu na boma walikuwa wamekwisha jenga makarani, na dresa wa hospitali, na wafanyabiashara wawili watatu wa kopra. Nyumba za bati, baraza za saruji, ua wa michongoma umekatwa sawasawa, mapazia madirishani. Hapakuwa na mtoto aliyekuwa akilia. Waume wote walikuwapo, wamekaa na kanzu zao nyeupe, wakisalimiana toka baraza hata baraza. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wa kufanana nasi.

Baba yako alitazama barabara tuliyopanda. Akaniuliza, "Na kazi yangu iliyoko mjini?"

Nikamjibu, "Kazi yako iko mjini. Watoto wako unataka wawe wapi?"

Hilo lilikuwa neno la mama aliyezika. Tukajenga.

Sitakudanganya, Mwantumu. Mlima huu ulinipa nilichouomba. Ulizaliwa hapa, ukakua na kifua kizima, na homa ilikuja kwako kama mgeni wa kupita. Asubuhi niliamka nikafagia baraza yangu, nikatazama bonde la Pugu lenye ukungu, nikashukuru. Kwa mwaka wa kwanza sikumkumbuka mtu yeyote wa Gerezani ila mwanangu aliyezikwa kule.

Kumbe nilikuwa sijawahi kuuona mlima huu siku ya kazi. Jumatatu, lori liliwachukua wanaume wote wenye kazi mjini kabla ya mapambazuko. Wenye kazi bomani walibaki, lakini waliobaki nao walikuwa na shughuli zao. Lori likishashuka, mtaa ulibaki na mapazia. Majirani hawakuwa watu wabaya, nataka ulijue hilo. Walikuwa wamekimbia kelele kama mimi, na kila mmoja akalinda kimya chake. Siku moja nilipika mchicha wa nazi ukawa mwingi, nikachukua bakuli nikampelekea mke wa dresa. Akapokea mlangoni, akashukuru sana. Kabla ya magharibi bakuli likarudi, limeoshwa, limejaa sukari, limeletwa na mtumishi. Kwetu bakuli halirudishwi tupu, naye aliifuata desturi. Lakini Gerezani bakuli lingerudi na mwenyewe, akakaa mpaka maji ya kuoga yapoe. Nilimimina sukari ile mkebeni, nikahisi kama nimelipwa.

Baba yako alirudi baada ya isha, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alikula kimya akalala. Wewe alikukuta umelala, na alipoondoka alikuacha umelala. Ulipoanza kusema, alikuwa anakuona Jumapili tu. Jumapili moja alikuwa anafungua mlango wa ua, ukakimbia jikoni ukajificha nyuma ya kanga yangu ukasema, "Mama, yule mzee amekuja tena."

Alikusikia. Akasimama pale na kofia mkononi. Halafu akatoa peremende mfukoni, akaziweka juu ya mkeka, akakaa mbali kidogo, kama anavyofanya mtu anayetaka kumzoeza paka. Mimi nilicheka ili nawe ucheke. Yeye hakucheka.

Halafu vita ikaja. Petroli ikawa ya kupimiwa, lori likawa linakuja leo, kesho halionekani. Masika ikinyesha, mteremko wa Pugu ulikuwa tope tupu. Baba yako akaanza kulala mjini kwa rafiki, kisha akapanga chumba, na chumba chenyewe, katika mji mzima, akakipata Gerezani. Nilimtumia vyakula, nikampelekea salamu. Nilisema petroli ikirudi naye atarudi. Petroli ilirudi.

Jumapili moja, alipokwisha kunawa mikono, akaniambia, "Zuhura, nimeoa. Nimekuja kukuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu."

Sikupiga kelele. Nilimuuliza, "Nimekukosea nini?"

Akafikiri kwanza. Baba yako hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Akasema, "Hujanikosea. Nimechoka kufika."

Neno hilo nilikaa nalo muda mrefu sana. Nililichukia. Nilisema ni kisingizio cha mwanamume. Haki zangu hakuzipunguza hata siku moja. Nguo, chakula, ada yako ya shule, vyote vilikuja, na mwenyewe alikuja kila Jumapili mpaka mwisho. Nikawa mke wa bwana mkubwa mwenye nyumba mlimani, na wanawake wa mtaa wakazidi kuniheshimu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walidhani kuuliza ni utovu wa adabu, nami nilikuwa nimelipia adabu hiyo kwa minazi ya baba yangu.

Kuna siku nilikuacha kwa shangazi yako nikasema nakwenda mjini kununua kitambaa. Sikununua kitambaa. Nilikwenda Gerezani. Ilikuwa adhuhuri, jua la kuchoma, nikaiona nyumba niliyoelekezwa, nyumba ya wapangaji kama ile yetu ya zamani. Kabla sijapiga hodi nikasikia mtu anacheka uani. Nilisimama. Ilinichukua muda kuijua sauti ile. Ilikuwa ya mume wangu, nami nilikuwa nimesahau kwamba anacheka.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, viatu amevua, mtoto wa mpangaji mwenzake amempanda begani, na mwanamke mnene mwenye unga mikononi anamwambia kitu huku anakaanga. Huyo ndiye Bi Tatu, mama yako mdogo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, Mwantumu, nimeyapanga njia nzima toka Pugu. Lakini mbele yangu palikuwa na mtu aliyeko nyumbani kwake. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hivyo. Kwangu alikuwa anafika. Pale alikuwapo tu.

Bi Tatu ndiye aliyeniona kwanza. Alifuta mikono kwenye kanga akaja akainama. "Shikamoo, dada. Karibu ndani, chakula kipo tayari."

Nikaitika, "Marahaba." Nikakaa nikala. Baba yako alikuwa ameona haya, anatazama sahani. Alipomaliza akavaa viatu kurudi bandarini, na kwa mazoea akamwambia mkewe, "Haya, saa kumi." Ndipo akanikumbuka, akageuka akaniambia, "Jumapili, Inshallah."

Nilipanda gari nikarudi. Nilikukuta kwa shangazi yako unacheza, ukaniuliza kitambaa kiko wapi, nikakuambia hakikuwapo nilichokipenda.

Mengine uliyaona kwa macho yako. Baba yako aliposhikwa na moyo ghafla asubuhi ile, mtu alipanda basi kutuletea habari, nasi tukangoja basi la kushuka. Tulipofika Gerezani jeneza lilikuwa limekwisha tolewa. Uani mlijaa watu, wanawake niliowahi kupika nao wakiwa wazee sasa, wakanishika kama mtoto. Na baadhi yao walimtaja Sefu kwa jina. Huku mlimani, nilipokaa eda, majirani walikuja mmoja mmoja, wamevaa vizuri, wakanywa kahawa, wakasema Mungu akupe subira, wakaenda. Walikuja wote, hakuna aliyekosa. Ila ukimaliza kuhesabu adabu za watu, jua bado halijatua, na uko peke yako na buli.

Basi sasa unanielewa. Rajabu aliposema basi lipo, niliona taa za lori alfajiri. Aliposema majirani ni watu wa heshima, niliona bakuli la sukari. Yeye ni kijana mwema, anakutakia mema, kama nilivyomtakia mema baba yako. Hakuna mtu aliyejenga huku kwa nia mbaya.

Na usidhani ninakupeleka mjini kwa moyo mwepesi. Mji ule ulimchukua mwanangu. Unakwenda na mimba changa, na kila nikifikiri mtaro nyuma ya nyumba mwandiko unapinda, utauona mwenyewe. Sina dhamana ya kukupa. Nimepima homa na upweke kwa mizani yangu mwenyewe miaka yote hii, na leo hii sijui kwa hakika kipi kizito. Ninachokijua ni kwamba homa tulipambana nayo wawili, na upweke nilipambana nao mmoja. Ikikaribia siku yako ya kujifungua njoo, kama desturi inavyotaka, nikulee mpaka arobaini. Siku ya arobaini ikiisha mumeo aje akuchukue, hata nikilia. Hasa nikilia.

Siku moja Rajabu naye atapanda cheo. Mtaanza kusema vyumba havitoshi, watoto wanataka nafasi, fulani amejenga kule, na kule pana hewa. Kutaka mahali pazuri si kosa, tena nataka upate. Lakini mkienda kutazama, msiende Jumapili. Nenda Jumanne adhuhuri, usimame njiani usikilize kama kuna mtu anamwita mwenziwe kwa jina. Mwambie mumeo asafiri njia hiyo, kwenda na kurudi, siku ya mvua, kabla hajakubali. Na mtoto wako akiwa na umri wa kusema, mtazame usoni baba yake anaporudi. Kama wote wawili mnapenda mahali, msikilize zaidi asiyesema sana. Mimi nilikuwa nasema sana.

Labda mtakwenda Kibaha. Watoto wa Mjomba Kondo bado wako Pangani, na nasikia barabara ya Morogoro siku hizi inapitika. Labda hamtakwenda popote. Mtaamua wenyewe.

Kile kiwanja cha pembeni usikifikirie tena. Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga mizigo, nimemwita yule mwalimu mpya aliyekuwa akikiulizia, nikampa neno langu mbele ya mashahidi. Ana mke na watoto wadogo wenye kelele. Nimefanya hivyo upesi kwa sababu najijua. Ningelala siku mbili zaidi katika nyumba hii ningekuiteni nyote wawili, niseme nilikosea, rudini, jengeni hapa, na mngenitii.

Naona watu wanapanda njia, nadhani ni nyinyi. Umevaa ile kanga ya shangazi yako, na Rajabu amebeba kapu lako, anakuchekesha. Nafunga sasa.

Mungu akuweke, akupe uzazi mwema, akupe nyumba yenye mtu ndani. Na siku ukisikia hodi hapo Ilala, katikati ya juma, bila taarifa, ukanikuta mlangoni na kifurushi changu, nikaribishe kama unavyokaribisha mtu yeyote. Usiniulize nina habari gani. Usiniulize nitarudi lini.

Mama yako,
Zuhura